Maswali ya wasomaji: gugu karoti, chavua yake na madhara yake kwa mwili na shamba

Barua tulizopokea kuhusu mmea huu ni za namna mbili. Wengine wanauliza kuhusu ngozi na kifua, wengine kuhusu mahindi na ng'ombe, na ni wachache tu waliotambua kwamba wote wanauliza kuhusu mmea mmoja. Mmea wenyewe ni gugu karoti, ambalo wataalamu huliita Parthenium hysterophorus. Asili yake ni maeneo ya joto ya bara la Amerika, hasa yanayozunguka Ghuba ya Meksiko. Ni ndugu wa alizeti, ingawa kwa kuliangalia tu mtu asingedhani hivyo. Majani yake ya mwanzo yamechanika-chanika kama ya karoti na hutanda chini kwa duara. Baadaye huinuka shina lenye mifereji na vinyweleo, ambalo hufikia urefu wa mita 1.5 na wakati mwingine zaidi, kisha juu yake hutokeza vitawi vingi vyenye vichwa vidogo vya maua meupe, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 4 hivi. Tumechagua kuzijibu barua hizo pamoja kwa sababu mwenye shamba hawezi kulinda mazao yake dhidi ya gugu hili huku akiuacha mwili wake bila ulinzi, na kwa pande zote mbili swali kubwa ni lile lile: je, gugu limeng'olewa kabla ya kutoa maua au baada yake?

Swali: Nimepalilia kwa miaka mingi na gugu karoti halikuwahi kunidhuru. Sasa kila ninapoling'oa, siku mbili baadaye kope huvimba, na shingo na mikunjo ya viwiko huniwasha hadi nakosa usingizi. Kwa nini limeanza sasa, nami sijabadili chochote katika kazi yangu?

Jibu: Ndugu msomaji, hujabadili chochote katika kazi, lakini kinga ya mwili wako imebadilika, na mabadiliko hayo yametokana na miaka hiyo hiyo ambayo ulidhani haikudhuru. Majani, shina na vinyweleo vya gugu karoti vina kemikali za kundi la seskwiterpeni laktoni, na iliyo kubwa kati yake ni parthenini. Parthenini hupenya kwenye ngozi na kushikamana na protini za mwili, na taratibu, kwa kuguswa nayo mara nyingi, chembe za kinga hujifunza kuiona kuwa adui. Kipindi hicho cha kujifunza kinaweza kuchukua misimu mingi, na ndani yake mtu hahisi lolote. Kinga ikishajifunza haisahau kwa urahisi, na kuanzia hapo hata vumbi kidogo la mmea linatosha kuamsha mwasho.

Kuchelewa kwa dalili kwa siku moja au mbili, jambo ambalo huwafanya wengi wailaumu sabuni au nguo mpya, ni alama ya aina hii ya mzio. Haitokani na kingamwili zinazotenda ndani ya dakika chache, kama inavyokuwa kwa mtu anayepiga chafya akikutana na chavua. Inatokana na chembe za kinga ambazo zinahitaji muda kukusanyika pale ngozi ilipoguswa. Tena si lazima uushike mmea. Vinyweleo vyake huvunjika na kupeperuka pamoja na vumbi la majani makavu, kisha hutua usoni na kukwama penye jasho na mikunjo: kwenye kope, nyuma ya masikio, chini ya kidevu, shingoni, ndani ya viwiko na nyuma ya magoti. Mtu aliyeunguzwa na jua pekee kwa kawaida hubaki salama kwenye kope za juu, nyuma ya masikio na chini ya kidevu, kwa kuwa mahali hapo pana kivuli. Kwa hiyo ukiona wekundu na mwasho hata hapo, una sababu nzuri ya kushuku kitu kinachoruka hewani. Kwa wagonjwa waliokaa na tatizo hili kwa muda mrefu, jua nalo huanza kulichochea, ngozi huwa nene na nyeusi, na ugonjwa ambao mwanzoni ulikuja na kuondoka kwa msimu huweza kukaa mwaka mzima.

Kwa sababu hiyo sikushauri kuvumilia. Mwone daktari wa ngozi na umweleze wazi kuhusu mmea huu. Anaweza kufanya kipimo cha kubandika, ambapo kiasi kidogo cha dondoo ya mmea huwekwa mgongoni kwa siku 2 na ngozi kuangaliwa baada ya hapo na tena siku chache baadaye. Matibabu ya kawaida ni krimu za steroidi, lakini nguvu yake na muda wa kuitumia viamuliwe na daktari, kwani krimu kali ikipakwa usoni kwa muda mrefu hukondesha ngozi na inaweza kuyadhuru macho. Vidonge vya antihistamini, ambavyo wengi hukimbilia, husaidia kidogo tu kwa mzio wa aina hii. Wagonjwa wenye hali nzito hupewa dawa za kutuliza kinga ya mwili, na hao huhitaji kupimwa damu mara kwa mara.

Lililo zito zaidi kulitamka, nami nalisema nikijua linavyogusa riziki ya mtu, ni kwamba kazi ya kung'oa gugu hili sasa imfikie mwingine ambaye ngozi yake haijaathirika, naye aifanye kwa glavu, mikono mirefu, suruali iliyoingizwa kwenye buti na kitambaa au barakoa usoni. Wewe ukilazimika kupita palipo na gugu, nawa kwa sabuni na maji mengi mara utokapo, na nguo ulizovaa zifuliwe peke yake, maana vumbi lililobaki kwenye kola linaendelea kuwasha hata siku ambayo hukwenda shambani. Uwe mwangalifu pia na mimea mingine ya ukoo wa alizeti, kama vile krisanthemumu na hata letusi, kwa sababu kemikali zake hufanana na za gugu karoti, na baadhi ya wagonjwa huathirika nazo pia.

Swali: Mwanangu ana pumu. Kiwanja kilicho karibu nasi kimejaa gugu karoti, na kila linapochanua mtoto hupiga chafya, macho humwasha na kifua hubana. Je, huu ni ugonjwa ule ule wa ngozi unaosemwa?

Jibu: Mama, mmea ni ule ule, lakini ugonjwa ni mwingine na njia yake ndani ya mwili ni nyingine. Anachokutana nacho mwanao ni chavua. Mmea mmoja wa gugu karoti hutoa chembe za chavua kwa mamia ya mamilioni, na nyingi huruka zikiwa zimeshikamana kwa mafungu. Chembe hizo zina protini ambazo, kwa mtu mwenye mzio, hukutana na kingamwili zilizokwisha kuandaliwa kwenye utando wa pua, macho na njia ya hewa. Matokeo huonekana ndani ya dakika chache: chafya za mfululizo, makamasi mepesi, macho mekundu, na kwa mwenye pumu mirija ya hewa hujikaza. Huko Bangalore nchini India, ambako gugu hili limeenea mno, watafiti waliowapima wagonjwa kwa dondoo ya chavua yake walikuta kwamba karibu theluthi moja ya wenye mafua ya mzio walikuwa na mzio nayo, na baadhi ya wagonjwa wa pumu vilevile. Imeonekana pia kwamba mtu mwenye mzio na chavua ya ambrosia, gugu jingine la ukoo huo ambalo huwatesa watu wengi huko Marekani na Ulaya, anaweza kudhurika na chavua ya gugu karoti hata kama ndiyo mara yake ya kwanza kukutana nayo.

Kwa mwanao, hatua yenye faida kuliko zote ni kiwanja hicho kusafishwa mapema, wakati majani bado yametanda chini na shina halijainuka. Zungumza na mwenye kiwanja au na uongozi wa eneo lenu sasa, msisubiri weupe uonekane, kwa sababu kulifyeka gugu lililochanua hutimua chavua na vumbi kwa wingi kuliko lingeachwa limesimama. Ikibidi lifyekwe likiwa limechanua, mtoto aondolewe kabisa eneo hilo kwa siku hiyo, madirisha ya upande huo yafungwe, na nguo zisianikwe nje. Dawa ya pumu ya kuzuia, ile inayotumiwa kila siku, isiachwe kwa sababu tu mtoto anaonekana mzima. Ongea na daktari wake kuhusu msimu wa maua ili aone kama dozi ibadilishwe. Na siku ambayo mtoto anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, midomo inabadilika rangi, au dawa ya kupuliza haimpi nafuu, apelekwe hospitali mara moja bila kungoja asubuhi.

Swali: Maua yake ni mazuri na hukaa muda mrefu bila kunyauka. Kuna ubaya gani kuyachanganya kwenye mashada ya mapambo?

Jibu: Usifanye hivyo. Shada hilo linaingiza chavua na vinyweleo ndani ya nyumba, ambako hakuna upepo wa kuvitawanya, na likishatupwa nje mbegu zilizokomaa huanza makazi mapya ya gugu pale jalalani.

Swali: Mahindi yaliyo pembezoni mwa shamba langu, karibu na gugu karoti, yana mapengo mengi kwenye gunzi, ilhali ya katikati yamejaa vizuri. Mbolea ni ile ile. Je, gugu linaweza kuharibu punje bila kugusa mzizi?

Jibu: Linaweza, na swali lako linagusa jambo ambalo wakulima wengi hawaambiwi. Tumezoea kufikiri kwamba gugu huiba tu maji, mbolea na mwanga. Gugu karoti huiba hivyo vyote, na kwa kasi, kwa sababu huota mapema na kufunika ardhi kwa majani yake kabla zao halijajipanga. Lakini chavua yake nayo ni silaha. Punje ya hindi hutungwa pale chavua ya hindi inapotua kwenye ndevu na kuchipua hadi ndani. Chavua ya gugu karoti ikizifunika ndevu hizo kwa wingi, chavua halali hukosa nafasi, na kemikali zilizomo ndani ya chavua ya gugu huzidi kuzuia uchipuaji. Majaribio ya India ya miaka ya 1970 yalionyesha kwamba ujaaji wa punje za mahindi unaweza kupungua hadi kwa asilimia 40 kwa namna hiyo, na kupungua kwa matunda kulionekana pia kwa nyanya, pilipili, bilinganya na maharage.

Hata hivyo nisingependa ulihukumu gugu kabla ya kuangalia mengine. Gunzi lenye mapengo huletwa pia na ukame au joto kali wakati ndevu zinatoka, na mistari ya pembezoni mara nyingi hupata chavua kidogo ya mahindi kuliko ya katikati. Namna rahisi ya kujua ni kulinganisha pembe mbili za shamba lako msimu ujao: moja iliyosafishwa gugu wiki kadhaa kabla ya mahindi kutoa mbelewele, na nyingine, kama kwa bahati mbaya ipo, iliyobaki na gugu. Tofauti ikiwa kubwa utakuwa umepata jibu kwa macho yako.

Chini ya udongo nako kuna madhara. Mizizi, majani yaliyoanguka na mabaki yanayooza huachia parthenini na asidi za kundi la fenoli, ambazo hudumaza uotaji na ukuaji wa mimea ya jirani. Ndiyo maana hata baada ya kulikata na kuliacha limelala mstarini, zao hubaki limedumaa kwa muda. Nchini Ethiopia, katika mashamba ya mtama ambayo gugu karoti liliachwa msimu mzima, upotevu wa mavuno ulipimwa kati ya asilimia 40 na 97 kutegemea mahali na mwaka. Nadhani tarakimu ya pili inapaswa kumsumbua kila mwenye kusema kwamba palizi itangoja wiki mbili.

Kama unalima alizeti au karanga, kuna hatari ya ziada. Gugu karoti hubeba virusi vya michirizi ya tumbaku bila lenyewe kuonyesha dalili yoyote. Virusi hivyo huwamo ndani ya chavua. Wadudu wadogo sana waitwao thripi huitembeza chavua hiyo hadi kwenye majani ya zao, na wanapojilisha hufungua vijeraha ambavyo virusi hupitia. Mwaka 2000 ugonjwa huo ulishambulia karanga kwa ukubwa katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, na alizeti ilikuwa imeshaanza kuugua katika eneo la kusini mwa nchi hiyo miaka michache kabla. Kunyunyizia dawa ya wadudu huku ukiacha gugu limechanua mpakani hakutoshi, kwa kuwa chanzo cha virusi kinabaki palepale.

Swali: Ng'ombe wangu hulikwepa, lakini wakati wa kiangazi hulila kwa kukosa kingine, na maziwa huwa machungu. Je, maziwa hayo yana madhara?

Jibu: Uchungu unaousikia ni kemikali za mmea zilizopita kwenye damu ya mnyama hadi kwenye kiwele, na parthenini imewahi kukutwa kwenye maziwa ya wanyama waliolishwa gugu hili. Usimpe mtu maziwa hayo, na watoto hasa walindwe. Kwa mnyama mwenyewe hatari ni kubwa kuliko uchungu wa maziwa. Katika majaribio ya India, nyati na ndama waliopewa chakula ambacho kati ya asilimia 10 na 50 yake ilikuwa gugu karoti walipata vidonda mdomoni, kuharisha, kunyonyoka manyoya na kubabuka ngozi, na wengi walikufa ndani ya wiki chache; ini na figo zilikutwa zimeharibika. Nyama ya kondoo waliolila nayo hubadilika ladha, jambo ambalo wafugaji wa Queensland nchini Australia wanalijua vizuri.

Waondoe ng'ombe kwenye sehemu hiyo, wape malisho safi na maji ya kutosha, na umwite daktari wa mifugo ukiona vidonda au ngozi inayobabuka. Lakini tazama pia kilicholifikisha gugu hapo. Malisho yaliyolishwa kupita kiasi huacha udongo wazi, na udongo ulio wazi ndio gugu karoti linaoupenda. Kisha kwa kuwa ng'ombe hulikwepa na kula nyasi zilizobaki, kila msimu humpunguzia gugu mshindani. Uwezo wa eneo kulisha mifugo unaweza kushuka hadi kwa asilimia 90 mahali lilipotawala kabisa. Kulipumzisha eneo, kupunguza idadi ya wanyama na kurudishia nyasi zenye nguvu kama senkrasi hufanya kazi ambayo jembe peke yake haliwezi kuifanya.

Swali: Nimesikia kwamba gugu hili huleta malaria. Ni kweli?

Jibu: Haliambukizi malaria. Lakini mbu huishi kwa utamu wa mimea, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Kenya ulionyesha kwamba mbu aina ya Anopheles gambiae wanaojilisha kwenye gugu karoti huishi vizuri na kujiwekea akiba ya nguvu. Mbu anayeishi muda mrefu ana nafasi kubwa zaidi ya kueneza vimelea. Kusafisha gugu karibu na nyumba ni jambo jema kwa sababu hiyo nayo, ingawa chandarua kinabaki pale pale.

Swali: Tumeling'oa kwa misimu kadhaa na bado linarudi. Tufanye nini ambacho hatujafanya?

Jibu: Ninachoshuku ni kwamba mnaling'oa likiwa limeshachelewa. Tangu kuota hadi kutoa ua la kwanza, gugu karoti linaweza kuchukua wiki 4 hadi 6 tu, na likishaanza huendelea kutoa maua maadamu udongo una unyevu. Kila kichwa cha ua hutoa mbegu 5 hivi, idadi inayoonekana ndogo mpaka mtu ahesabu vichwa. Mmea mmoja uliokua vizuri hutoa mbegu 15,000 hadi 25,000. Mbegu zilizo juu ya ardhi hufa au kuota mapema, ila zilizofukiwa hukaa hai kwa miaka, na sehemu kubwa yake bado huweza kuota hata baada ya miaka 6. Kwa hiyo msimu mmoja wa uzembe hulipwa kwa misimu mingi ya palizi, na kulima kwa kina kunaweza kufukua mbegu ambazo zilikuwa zimelala mbali na mwanga.

Ratiba yenu ianze na mvua. Siku 10 hadi 20 baada ya mvua nzuri, pitieni shamba, mipaka, kingo za njia na mitaro, mkitafuta ile miduara ya majani yaliyotanda chini. Udongo ukiwa na unyevu, ng'oeni mmea wote pamoja na mzizi. Mkitumia jembe, kateni chini ya shingo ya mzizi, kwa sababu ukiacha shingo mmea huchipua upya na safari hii huchanua ukiwa mfupi, mahali ambapo jicho haliufikii. Rudieni baada ya wiki 3, kisha tena, kwa kuwa mbegu hazioti zote kwa pamoja. Watoto wasipewe kazi hii hata kama ni nyepesi, na glavu ziwe ni sharti la kazi.

Viuagugu husaidia kwenye maeneo makubwa, lakini hufanya kazi vizuri kwa mimea michanga. Kunyunyizia gugu lenye maua ni kupoteza fedha, maana mbegu zake huendelea kukomaa. Dawa zinazoua kila mmea, kama zenye glifosati, huua pia nyasi ambazo zingelizuia gugu, na katika baadhi ya nchi gugu karoti limekwisha kujenga usugu dhidi yake. Dawa zinazochagua mimea ya majani mapana huacha nyasi na mahindi, ila huua maharage na alizeti, na wakati wa kuzitumia kwenye mahindi una mipaka. Muulizeni ofisa ugani kabla ya kununua, na msome kibandiko kabla ya kuchanganya.

Jambo ambalo karibu kila barua imelisahau ni njia ambayo mbegu hufika. Nchini Australia, uvamizi mkubwa wa eneo la Clermont ulianzia kwenye mbegu za nyasi za malisho zilizoletwa kutoka Marekani mwaka 1960 zikiwa zimechanganyika na mbegu za gugu hili. Nchini India, ambako lilitambuliwa Pune katikati ya miaka ya 1950, inaaminika kwamba lilisambaa pamoja na shehena za ngano. Tanzania iliripoti uwepo wake katika eneo la Arusha mwaka 2010, na kwa kawaida huonekana kwanza kando ya barabara, kwa kuwa mbegu husafiri na tope la matairi. Osheni trekta au jembe la kukodi kabla halijaingia shambani, kagueni mbegu mnazonunua, msilete samadi au nyasi kavu kutoka mahali penye gugu, na baada ya mafuriko kagueni upande maji yalikotokea.

Wapo pia wadudu wanaolishambulia. Mbawakawa aitwaye Zygogramma bicolorata, ambaye asili yake ni Meksiko, aliachiwa Australia mwaka 1980 na India mwaka 1984, na baadaye Afrika Kusini na Ethiopia. Hula majani hadi mmea ukabaki fito. Huko India palizuka hofu alipoonekana kwenye alizeti, na uchunguzi ukafanywa kabla ya kazi kuendelea. Huo ndio utaratibu unaofaa, nami nawaomba msilete mdudu yeyote kwa mkono wenu kutoka nchi nyingine. Fukusi wa shina na fukusi wa mbegu nao hutumika, na vilevile ukungu wa kutu, lakini vyote hupunguza nguvu ya gugu pasipo kulimaliza, na hufanya kazi vizuri pale nyasi zinapokuwa tayari kuchukua nafasi inayoachwa.

Swali: Tukishaling'oa, tulichome au tulitie kwenye mboji?

Jibu: Inategemea umri wake. Lililong'olewa kabla ya maua linaweza kuingia kwenye lundo la mboji. Parthenini huvunjika linapooza, mradi lundo ligeuzwe na liive kabisa kabla ya kutumiwa, na anayeligeuza avae glavu. Lililokwisha chanua lisiingie humo, kwa sababu sehemu za pembeni za lundo hazipati joto la kutosha kuua mbegu. Hilo litieni kwenye mifuko ya plastiki iliyofungwa palepale mlipoling'oa, ili mbegu zisipukutike njiani, na muiache juani kwa wiki kadhaa hadi likauke na kuoza. Mkiamua kulichoma, lichomeni kwenye shimo, siku isiyo na upepo, watu wenye pumu na wenye mzio wa ngozi wakiwa mbali na moshi. Msichome malisho yote kwa kulifuata gugu hili, kwani moto hufungua ardhi na mbegu zilizo chini huota kwa wingi mvua ya kwanza inaponyesha. Pale mlipochoma pawekeni alama, mpakague baada ya mvua hiyo, na mpande nyasi au zao la kufunika ardhi mapema iwezekanavyo.